Theluji hatuna, ukungu wa Newala tunao

Kila nikiposti picha za Newala za mwezi wa saba lazima atokee mtu kwenye komenti aulize hapo ni Lushoto au ni Mbeya, nikimjibu ni Mtwara anaona namzingua. Simlaumu sana maana ukiwa Dar ukasikia Mtwara unawaza bahari, korosho, gesi, pweza na jasho, nani anawaza watu wamevaa majaketi asubuhi wanaota moto nje ya nyumba huku mkorosho wa pale mbele tu hauonekani. Sasa inboksi imejaa maswali yaleyale, unatumia kamera gani, unaediti na nini, ule weupe unaupataje, kwa hiyo naandika hapa mara moja kwa urefu halafu mtu akiuliza tena natuma linki, msije mkasema naringa.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Ukitoka Mtwara mjini ukapita Nanyamba na Tandahimba unakuwa unapanda bila kujijua, nchi inainuka taratibu, huoni mlima wowote, ni mikorosho na mihogo na mchanga tu, halafu ukifika Newala nchi inakatika. Uwanda wa Makonde unaishia pale ghafla na mbele yako kuna bonde limeshuka mamia ya mita hadi tambarare ya mto Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Kuna sehemu ya huo ukingo inaitwa Shimo la Mungu na ukisimama pale huhitaji mtu akueleze kwa nini. Kwa hiyo nikisema napiga picha za milimani wajuaji wa jiografia wanisamehe, ni ukingo wa uwanda, ila mimi kwa kamera naupenda ukingo kuliko mlima kwa sababu mlimani unapiga kitu kilichoko juu yako, huku Newala wewe ndiye uko juu na mawingu yanalala chini ya miguu yako.

Baridi yenyewe ina sababu zake. Kipupwe kikiingia, mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, kusi inavuma kutoka baharini na hewa yenye unyevu inapandishwa uwandani, na hewa kadiri inavyopanda inapoa, wastani wake ni kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, ikishapoa vya kutosha ule unyevu unageuka ukungu na unakufunika wewe, nyumba, bodaboda na kila kitu. Huo ni ukungu wa kwanza. Wa pili unatokea usiku ambao upepo umetulia na anga limetakata, ardhi inatoa joto lake lote, hewa ya baridi kwa kuwa ni nzito inateremka bondeni inalala huko, asubuhi unakuta bonde limejaa pomoni kama bakuli la uji na vichwa vya vilima vimechomoza. Watu wengi wanaokuja kupiga picha hawatofautishi hizi aina mbili na ndiyo maana wanarudi wamenuna, wamekuja wanataka bahari ya mawingu wakakuta wako ndani ya wingu lenyewe. Mimi jioni naangalia tu, kama upepo bado unapiga na mawingu yako chini najua kesho ni ukungu wa juu, nitapiga miti na watu na njia. Kama saa nne usiku nyota zinaonekana zote na majani hayatikisiki, kesho ni bondeni, naweka alamu.

Sasa theluji inaingiaje. Mimi hii kazi nimejifunza kwa video za YouTube za wazungu wa Norway na Kanada wanaopiga milima wakati wa baridi, mtu amezama kwenye theluji mpaka magotini anakufundisha ekspoja, yaani kiasi cha mwanga unachokiingiza kwenye picha. Marafiki zangu walikuwa wananicheka, unaangalia theluji wewe umezaliwa Mtwara, utaipiga wapi. Ila ukisikiliza vizuri karibu kila wanachosema kuhusu theluji unakipeleka kwenye ukungu kama kilivyo, kwa sababu tatizo ni moja, picha nzima ni nyeupe na kamera haipendi weupe.

Iko hivi. Mita ya kamera haijui kinachopigwa, imetengenezwa ikiamini kwamba picha yoyote ukichanganya giza lake na mwanga wake unapata kijivu cha katikati, kile wanachokiita kijivu cha asilimia 18. Kwa picha ya sokoni inafanya kazi vizuri kabisa. Ukiielekeza kwenye theluji inaona mwanga umezidi, inabana, theluji inatoka chafu kama imechanganywa na majivu, na ukungu wa Newala nao hivyohivyo, ulichokiona kwa macho ni cheupe kinang'aa, ulichorudi nacho ni kijivu cha huzuni. Dawa ni kuilazimisha kamera iongeze mwanga, kwenye kile kitufe cha alama ya kuongeza na kutoa. Wa theluji wanapandisha kuanzia +1 mpaka +2 jua likiwa limewaka, mimi kwenye ukungu wa alfajiri naanzia +0.7 na mara nyingi naishia +1, nikiwa ndani ya ukungu mzito kabisa napanda zaidi. Halafu naangalia histogramu, ule mchoro wa kwenye skrini wenye giza kushoto na weupe kulia, nataka kile kilima chake kisogee kulia lakini kisigonge ukuta, kikigonga ukuta maana yake kuna sehemu imeungua na huko hakuna kitu cha kurudisha hata uediti na kompyuta ya NASA. Wenye simu msijione mmeachwa, gusa skrini pale penye ukungu, kale kajua kakitokea kapandishe juu kidogo kwa kidole, umemaliza, ni kitu kilekile.

Kuna jambo moja la zamani napenda kulifikiria nikiwa pale ukingoni nasubiri jua. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alikuja huku kusini akakaa Masasi, Newala na Mahuta akiandika habari za maisha ya watu, na alikuwa amebeba kamera ya sahani za vioo, mashine ya kunasa sauti na mpaka kamera ya sinema. Mwaka huohuo, Mtaliano Vittorio Sella alikuwa Rwenzori na msafara wa Duke wa Abruzzi anapiga picha vilele vyenye barafu, na Sella ukiuliza watu wa picha za milima mpaka leo watakwambia ni babu yao. Yaani mwaka mmoja, mmoja yuko kwenye theluji ya Afrika na mwingine yuko kwenye ukungu wetu, wote wamebeba vioo vinavyovunjika, wapagazi wamebebeshwa mizigo (hao hakuna anayewataja), na hakuna skrini ya kuangalia kama picha imetoka. Sisi tunalalamika betri.

Haya, asubuhi yenyewe. Mwezi wa saba jua kwa huku linachomoza karibu saa moja kasorobo, lakini ukifika saa moja kasorobo umechelewa, kizuri kinaanza kama nusu saa kabla. Mimi saa kumi na mbili kamili nataka niwe nimeshasimama, stendi imekaa, kofia ya lenzi imetoka. Jua la mwezi huo linatokea upande wa kaskazini mashariki, kwa hiyo ukiwa ukingoni unaangalia kusini Ruvuma jua linakuja nyuma ya bega lako la kushoto, na kwa muda mrefu uwanda wenyewe unalitia bonde kivuli. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Ukungu ulioko kivulini haupigwi na jua, unapata mwanga wa anga tupu, na anga ni la bluu, kwa hiyo ukungu wote wa chini unakuwa wa bluu huku vichwa vya vilima vya mbali vimeshapata dhahabu. Ni sababu ileile inayofanya vivuli kwenye theluji viwe vya bluu, hakuna mtu kavipaka rangi. Hiyo bluu na dhahabu pamoja inakaa dakika chache, jua likipanda ukungu unaanza kuchemka, unapanda, unakatika vipandevipande, na kufikia saa tatu unaona mto kule chini na joto linaanza, unavua jaketi.

Lenzi. Kila mtu akiona bonde kubwa anakimbilia lenzi pana ili aingize kila kitu, mimi nakwambia weka lenzi ndefu. Kamera yangu ni Nikon ya mtumba, nina ile lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo na 70-300 niliyonunua baadaye, na picha zangu nyingi za bondeni ni kuanzia 150 kwenda juu. Lenzi ndefu inavuta matuta yanaonekana yamebebana, moja nyuma ya lingine, kila moja limefifia kuliko la mbele yake, na huko kufifia ndiko kunakokupa umbali. Lenzi pana inakupa ukungu kipande kidogo katikati, anga kubwa juu na majani yako ya miguuni. Shimo la lenzi naweka f/8, siendi f/16 hata siku moja (namba ikikua shimo linakuwa dogo) kwa sababu mchanga wetu huu unaingia kila mahali na vumbi likikaa kwenye sensa, ukiwa f/16 unapiga eneo jeupe, kila punje inaonekana kama doa la wino. Kwenye picha ya msitu hutaliona. Kwenye ukungu na kwenye theluji hakuna pa kujificha.

Na ukiwa ndani ya ukungu, lenzi inalowa. Unapiga picha, unageuka, unakuta kioo cha mbele kimejaa vitone vidogovidogo kama vya jasho la mdomo wa juu, kwenye skrini ndogo huvioni, nyumbani kwenye laptopu unakuta picha imekuwa na madoa ya mwanga. Nina kitambaa mfuko wa kulia kwa kufutia na kingine mfuko wa kushoto kikavu cha kumalizia, na kati ya picha na picha naigeuza kamera iangalie chini. Wenzetu wa theluji wana shida zaidi, betri zinakufa kwa baridi wanaziweka kifuani zipate joto la mwili, na wakiingia ndani kwenye joto wanaifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki kwanza ili mvuke ugandie kwenye plastiki usigandie kwenye lenzi. Hilo la mfuko mimi nalifanya nikishuka siku hiyohiyo kurudi Mtwara mjini, kamera imelala na baridi usiku kucha ukiifungua tu kwenye unyevu wa pwani kioo kinapiga ukungu, na ukungu ukiingia ndani ya lenzi mara kwa mara unaleta fangasi, na fundi wa kufungua lenzi huku sijampata.

Sasa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Hii hutaikuta kwenye video yoyote ya Norway. Msimu huohuo wa kipupwe ndio wakulima wanapuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na wanapuliza alfajiri kwa sababu umande bado uko kwenye majani unga unashika, na upepo haujaamka. Kwa hiyo uko kwenye ukungu mweupe, unasikia injini ya bomba la mgongoni inanguruma huoni mtu, halafu kati ya mikorosho linatoka wingu lingine, la manjano hafifu, linapanda taratibu linachanganyika na ukungu, na chini yake unaona miguu ya mtu mwenye buti. Nikasogea, nikasubiri azime mashine.

"Shikamoo mzee, samahani, naomba kupiga picha."

"Marahaba mwanangu. Piga, ila hama hapo, upepo unakuja huko. Salfa ikikuingia machoni hiyo picha utamuachia nani aiangalie?"

Nikahama. Na alikuwa na haki, nilivuta kidogo tu koo likakauka mpaka mchana. Yeye alikuwa amejifunga kitambaa puani, miwani hana.

Ile picha ndiyo iliyonifundisha kuachana na waiti balansi ya oto, yaani kamera kujichagulia yenyewe rangi ipi ihesabike nyeupe. Oto ikiona manjano inadhani taa ya ndani, inaongeza bluu kulifuta, salfa inakuwa ukungu wa kawaida na habari nzima ya picha imekufa. Tangu hapo nafunga kwenye 5500, namba ya mwanga wa mchana, na siigusi mpaka nyumbani, bluu iwe bluu, manjano iwe manjano, huko kwenye kuediti tutajuana.

Tuje kwenye kuediti sasa maana ndiko kwenye ugomvi. Watu wetu wanataka picha "kali". Kali maana yake kila kitu kinaonekana, majani ya kijani yanapiga kelele, anga bluu ya rangi ya plasta, na ukimpa picha ya ukungu anakwambia mbona imefifia kaka, hukuweka fokasi? Nina rafiki yangu yuko Dodoma, anapiga harusi na anajua kazi, kila nikimtumia picha ya Newala anairudisha ameshaiediti, ameusokota ukungu wote ameutoa. Tumebishana mpaka tumechoka. Msimamo wangu ni kwamba ukungu ndio nilioufuata, nimeamka saa kumi usiku kwa ajili yake, sasa niutoe nibaki na nini, mikorosho? Mikorosho naikuta saa nane mchana.

Na huyo anayewaua wote ni slaida moja ya kwenye programu ya kuediti inaitwa Dehaze, ya kuondoa utando. Ni slaida nzuri kwa kazi yake, ukipiga kupitia kioo cha ndege au mchana wenye vumbi inasaidia sana, lakini kwenye picha ya ukungu ukiivuta kulia +30 umeharibu, matuta ya mbali yanakuja mbele, umbali unakufa, na weupe unapata madoa ya bluu chafu. Mimi mara nyingine naivuta kushoto, -5 hivi, na kwa bonde tu.

Nieleze picha moja tu, ile ya matuta matatu mliyoishea sana. Nilipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na hapa sina mjadala, kwa ukungu na theluji piga RAW. JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi kati ya nyeusi na nyeupe, RAW ya kamera yangu ni biti 14, hiyo ni ngazi 16,384. Kwenye picha ya kawaida hutaona tofauti kubwa, ila ukungu wote umekaa kwenye kipande kidogo cha juu cha hizo ngazi, ukianza kuuvutavuta kwenye JPEG zinakwisha, unaona mistarimistari kwenye anga kama ngazi za ghorofa. Nikaifungua kwenye Lightroom, programu ya kuediti. Cha kwanza kabisa waiti balansi, kutoka 5500 nikapandisha kidogo kama 5800, ili dhahabu ya vilima ipumue, lakini nikaacha bonde libaki na bluu yake. Kile kidude cha kudondoshea kwenye kitu cheupe sikukitumia, kwa sababu ukikidondosha kwenye ukungu wa kivulini kinadhani ile bluu ni kosa, kinaifuta, na vilima vyako vyote vinakuwa rangi ya chungwa.

Halafu ekspoja sikugusa, niliipata kulekule. Nikaenda kwenye weupe wa mwisho, Whites, nikapandisha huku nimebonyeza Alt, skrini inakuwa nyeusi na mahali panapoanza kuungua panawaka, nikaacha kabla hapajawaka. Weusi, Blacks, hapa ndipo mikono ya watu inawasha. Kwenye ukungu kitu cheusi kabisa kinatakiwa kiwe kile tu kilicho karibu na wewe, tuta la pili ni kijivu cheusi, la tatu kijivu cha kati, la Msumbiji kule ni kama pumzi. Ukivuta Blacks za picha nzima matuta yote yanakuwa meusi sawa, kwa hiyo nikatengeneza maski ya brashi kwenye mikorosho ya mbele tu, nikaipa kontrasti na weusi kidogo, nikaongeza Texture ili majani yaonekane yameloa. Tuta la kati sikulifanya chochote. La mwisho nikapitisha gradienti kutoka juu, nikapunguza Clarity kidogo. Kazi yote hiyo dakika kumi, na ukiweka ya kabla na ya baada wengi hawaoni nilichofanya, mwenzangu wa Dodoma anasema ni hasara ya bando.

Kunoa nako kuna mtego. Lightroom ikinoa inanoa mpaka chengachenga zilizoko kwenye ukungu, unapata ukungu wenye mchanga. Pale kwenye kunoa kuna slaida ya Masking, ibonyeze na Alt, vuta mpaka ukungu wote ugeuke mweusi na kingo za miti tu zibaki nyeupe, 70, 80, basi inanoa miti peke yake. Na kabla sijatoa picha napita na ile ya kuonyesha madoa natafuta vumbi la sensa, kwa f/8 hayakosi mawili matatu.

Ambaye ana simu tu, Snapseed, app ya kuediti, ni ya bure na inafungua DNG (aina ya RAW), kama simu yako inatoa RAW umeula. Usiguse HDR Scape, nakuomba. Na Ambiance ukizidisha ukungu unapata uvimbe kuzunguka miti. Pandisha mwanga kidogo, Warmth kidogo, kisha tumia Brush au Selective kwenye kitu cha mbele, funga. Hizi preseti za muudi zinazouzwa mtandaoni elfu kumi sijazikataa, lakini nyingi zimetengenezwa kwa misitu ya Ulaya wakati wa baridi, zinaua kijani na kuweka bluu kila mahali, ukiiweka kwenye Newala mkorosho unakuwa rangi ya jeshi na ngozi ya mtu inakuwa ya mgonjwa. Ngozi ndiyo kipimo changu, kama kuna mtu kwenye picha na ameanza kufanana na marehemu, rudisha.

Kuprinti nimepata shida yake. Studio moja mjini niliwapelekea picha ya bonde ikatoka kijivu chenye umanjano, nauliza naambiwa mashine imerekebisha yenyewe, maana nayo kama kamera inaona weupe mwingi inadhani umekosea. Sasa hivi nikipeleka popote nasema kabla hawajaanza, zimeni marekebisho ya oto, na faili la kuprinti nalipandisha mwanga kidogo kuliko la mtandaoni kwa sababu karatasi haina taa nyuma kama skrini. WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na ile mistari niliyosema inarudi.

Kuna jambo lingine limenikera mwaka huu na linahusu theluji ya kweli. Jamaa mmoja anayepeleka wageni Kilimanjaro alinitumia faili zake za juu, Uhuru, mita 5,895, akitaka nimsaidie kuediti. Picha nzuri sana, barafu imesimama kama ukuta, vivuli vya bluu, hizo nilimfanyia kwa raha, nikamwachia bluu ya vivuli kidogo kwa sababu theluji nyeupe pe bila bluu yoyote inaonekana kama chokaa. Halafu akaleta nyingine za Kibo kutoka mbali, kilele kina theluji kidogo tu, ananiambia bwana ongeza theluji, siku hizi AI inaweka sekunde mbili, wageni wanapenda kuona kofia nyeupe. Nikamwambia hapana. Watafiti walishapima, ukilinganisha barafu iliyokuwepo 1912 na ya 2007, karibu asilimia 85 imepotea, sasa wewe unataka niirudishe kwa programu halafu mtu alipe hela apande akute mawe? Akaninunia. Akampata mwingine akamwekea, nimeiona, theluji imefuata mpaka kwenye mwamba wa wima ambao haushiki theluji.

Mimi sikatai kuediti, nimeeleza hapa mambo yangu yote, brashi na gradienti na nini. Nguzo ya umeme nimewahi kuitoa. Lakini nikiweka ukungu ambao haukuwepo siku hiyo, nimepanda basi kwenda Newala kufanya nini, si ningebaki nyumbani.

Kwa wanaopanga kuja, mwezi wa saba ndio wenyewe, wa sita unafaa, wa nane ukungu wa bondeni bado upo ila moshi wa kuandaa mashamba unaanza kuingia, na huo moshi nao ni rangi nyingine, kahawia, inatoka vizuri jioni. Masasi msiipite, yale majabali ya Mtandi na Mkomaindo asubuhi yenye ukungu chini yanaelea kama hayana mguu, tena barabara ya lami iko karibu. Rondo kule Lindi ni kizuri kwa msitu, giza mno kwa 70-300 yangu, nitaandika siku nikipata lenzi ya kueleweka. Jaketi mje nalo la kweli, siyo lile la Dar la kuzuia AC. Na mkikuta watu wanapuliza salfa, salimieni kwanza, muulize upepo unatoka wapi.